Mvuke wa Olkaria na Menengai: Nani alitoboa, nani alilipa, nani ananufaika

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Nakuru kwa barabara ya juu hufika mahali ambapo ardhi humwishia ghafla na Bonde la Ufa likajitandaza chini yake. Mlima Longonot husimama peke yake katikati ya uwanda na, siku isiyo na ukungu, nyuma yake huonekana vishada vyeupe vinavyopanda angani bila kukoma. Wageni wengi hudhani ni moshi wa viwanda au wafugaji wanaochoma nyasi. La hasha. Huo ni mvuke wa Olkaria na, pamoja na visima vingine vichache vya eneo hili, kwa miaka kadhaa sasa umekuwa ukizalisha zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya.

Kenya ndiyo inayoongoza barani Afrika kwa kawi ya mvuke, na imo miongoni mwa mataifa kumi ya kwanza duniani. Mitambo yake ina uwezo wa zaidi ya megawati 900, na yote imo katika Kaunti ya Nakuru: Olkaria na Eburru upande wa Naivasha, kisha Menengai, kaskazini mwa jiji la Nakuru.

Sifa hizo husemwa sana majukwaani. Lisilosemwa sana ni kwamba historia ya mvuke huo ni historia ya mikataba na mataifa ya nje. Waingereza, Waaisilandi, Waswidi, Wajapani, Wajerumani, Wafaransa, Wachina, Wakorea na Waisraeli, wote wamepita Olkaria kwa nyakati mbalimbali, na nyuma yao yakaja mashirika ya Umoja wa Mataifa na benki za kila rangi. Kuna ushirikiano uliozaa matunda na kuna uliozaa malalamiko, na tofauti baina ya aina hizo mbili yafaa ijulikane na kila mwananchi anayelipa bili ya umeme.

Waya kutoka Jinja

Kabla ya mvuke kulikuwa na waya. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, nchini Uganda, lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka huo huo ikaundwa Kenya Power Company, na kazi yake hasa ilikuwa kuuleta Nairobi umeme wa Uganda. Kufikia mwaka 1958 nyaya zilikuwa zimevuka mpaka pale Tororo, zikapita Lessos na Lanet, karibu na Nakuru, hadi Juja. Kwa hiyo kizazi kizima cha wakazi wa Nakuru kilisomea na kupikia kwa umeme uliotoka katika mto wa nchi nyingine, na wengi wao hawakujua.

Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja baadaye kuwa KenGen, inayomiliki sehemu kubwa ya mitambo ya Olkaria. Mpangilio huo wa awali ulikuwa na faida yake, kwani umeme wa Jinja ulikuwa wa bei nafuu na wa kutegemewa. Ila nchi inayoagiza umeme hubaki na wasiwasi wa mpangaji asiyejua nyumba itauzwa lini, na miaka ya 1970, Uganda ilipoingia katika misukosuko ya utawala wa Idi Amin, wasiwasi huo haukuwa wa bure.

Visima viwili vilivyoachwa

Wazo la kutafuta umeme chini ya ardhi ya Olkaria ni la kale kuliko watu wengi wanavyodhani. Kati ya mwaka 1956 na 1959, serikali ya kikoloni ikishirikiana na kampuni za Uingereza ilitoboa visima viwili. Kisima cha pili kilifika takriban mita 940. Matokeo hayakuridhisha, vifaa vikafungashwa, na kwa zaidi ya miaka kumi hakuna aliyerudi.

Ili kuelewa ni kwa nini waliondoka, yafaa kwanza kueleza jinsi umeme wa mvuke unavyopatikana. Chini ya Bonde la Ufa ganda la dunia limekonda, na mawe yaliyoyeyuka kwa joto yamekaribia juu. Maji ya mvua inayonyesha katika miinuko ya Mau na Nyandarua huzama polepole kupitia nyufa, na karne baada ya karne hukusanyika katika miamba iliyopashwa moto. Mchimbaji anapotoboa kilomita mbili au tatu na kuikuta nyufa hiyo, maji hayo hupanda kwa nguvu yakiwa yamechanganyika na mvuke. Mvuke hutenganishwa na maji, husafirishwa kwa mabomba makubwa hadi kwenye mtambo, na huko huzungusha jenereta. Maji yaliyobaki hurudishwa ardhini kupitia visima vingine ili hifadhi isikauke.

Ugumu uko katika neno moja: anapoikuta. Kisima kimoja hugharimu mamilioni kadhaa ya dola za Marekani, na hakuna ajuaye kwa yakini kilichomo hadi fedha hizo zimekwisha kutumika. Huenda pakapatikana mvuke wa kuwasha mji mzima. Huenda pakapatikana jiwe kavu. Mwenye kujenga kituo cha dizeli hana hofu hiyo, maana hununua mtambo na mafuta, akaanza kuuza umeme. Benki haikopeshi shimo, na hapo ndipo nchi nyingi za Afrika Mashariki zilipokwama na zingine zimekwama hadi leo.

Aliyebeba hasara ya kisima kikavu

Jibu la Kenya lilianza mwaka 1970. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) na kampuni ya umeme ya wakati huo, East African Power and Lighting, walianzisha uchunguzi wa pamoja kuanzia Olkaria na Eburru hadi Ziwa Bogoria. Wataalamu walipima mitetemo ya ardhi, wakachunguza gesi za chemchemi, wakachora ramani. Olkaria ikaibuka kuwa ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi, na mwaka 1973 uchimbaji ukaanza tena kwa ufadhili wa UNDP.

Mwaka huo huo bei ya mafuta duniani ilipanda mara nne katika muda wa miezi michache baada ya vita vya Waarabu na Waisraeli. Mataifa tajiri yaliitikia kwa kuunda Shirika la Kimataifa la Kawi jijini Paris mwaka 1974. Kenya, isiyokuwa na kisima hata kimoja cha mafuta, haikuwa na uwezo wa kukaa katika meza hiyo. Iliendelea kutoboa.

Kisima cha kwanza cha awamu hiyo hakikufaa. Lau fedha hizo zingekuwa mkopo wa kawaida, mradi ungekufa hapo kwa mara ya pili, kama ulivyokufa mwaka 1959. Kwa kuwa ulikuwa ufadhili wa maendeleo, wachimbaji walihamisha mtambo wao mahali pengine na kuendelea. Kufikia mwaka 1976 visima sita vilikuwa tayari, na washauri kutoka Sweden na Iceland wakaandika ripoti iliyosema kuwa kituo cha umeme kingelipa. Baada ya ripoti hiyo, Benki ya Dunia ilikubali kukopesha.

Mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, uliotengenezwa Japan na kampuni ya Mitsubishi, uliwashwa katikati ya mwaka 1981. Wa pili ulifuata mwaka 1982 na wa tatu mwaka 1985, jumla megawati 45. Kwa viwango vya leo ni kidogo. Kwa wakati huo kilikuwa kituo kikubwa cha kwanza cha aina yake barani Afrika. Kilichotangulia, kule Kiabukwa nchini Kongo katika miaka ya 1950, kilikuwa kidogo mno, hakikufika hata megawati moja.

Sadfa ya tarehe ni ya kupendeza. Agosti mwaka huo huo wa 1981, Umoja wa Mataifa uliwaalika viongozi na wataalamu wa dunia Nairobi kwa mkutano kuhusu vyanzo vipya vya kawi. Hotuba zilikuwa nyingi, na Mpango wa Utekelezaji wa Nairobi ukapitishwa. Kisha bei ya mafuta ikaanza kushuka, mataifa makubwa yakapoteza hamu, na sehemu kubwa ya mpango huo ikabaki kwenye makabati. Kilomita zisizozidi mia moja kutoka ukumbi wa mkutano, mtambo wa Olkaria uliendelea kuzunguka. Mitambo hiyo mitatu ilikusudiwa kuhudumu kwa takriban robo karne. Ilihudumu kwa zaidi ya miongo mitatu.

Darasa la Reykjavik

Msaada uliodumu kuliko mwingine wote haukuwa wa fedha nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilianzisha jijini Reykjavik, Iceland, mafunzo ya miezi sita kwa wataalamu wa kawi ya mvuke kutoka nchi zinazoendelea. Wakati uo huo New Zealand ilifungua taasisi kama hiyo katika Chuo Kikuu cha Auckland. Wakenya walikwenda kote kuwili, na kwa miaka mingi Kenya ndiyo iliyopeleka wanafunzi wengi zaidi Iceland kuliko nchi nyingine yoyote.

Yafaa kutazama kwa makini mafunzo hayo yalivyopangwa. Mwanafunzi hakwenda kuchukua shahada na kutafuta kazi Ulaya. Alichaguliwa akiwa tayari kazini, akapewa fani moja ya kubobea, iwe jiolojia, kemia ya maji, uchimbaji au uhandisi wa hifadhi ya mvuke, na mara nyingi ripoti yake ya mwisho iliandikwa kwa takwimu za visima vya nyumbani kwao. Alirudi akiwa amekitatua kitendawili cha Olkaria akiwa Reykjavik, na kazi yake ilikuwa ikimngoja.

Kuanzia mwaka 2005 darasa lenyewe lilihamia kwetu kwa sehemu, kozi fupi zikawa zinafanyika Naivasha kwa ushirikiano na KenGen, na baadaye Kampuni ya Ustawishaji wa Kawi ya Mvuke (GDC). Wanafunzi walitoka Ethiopia, Uganda, Tanzania, Rwanda, Djibouti na kwingineko. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, nacho kikaanzisha taasisi yake ya fani hiyo.

Matunda yameonekana. Mwaka 2019 KenGen ilipata kandarasi za kutoboa visima nchini Ethiopia, na mwaka 2021 ikapata nyingine Djibouti. Nchi iliyosubiri Waingereza waje na mtambo wao wa kuchimbia, kisha ikawatazama wakiondoka, sasa inapeleka wachimbaji wake ng'ambo na kulipwa kwa fedha za kigeni.

Mvuke uliokaa ukingoja

Baina ya mwaka 1985 na 2000 hakuna hata megawati moja ya mvuke iliyoongezwa. Jambo hilo husahauliwa mara nyingi katika masimulizi ya ufanisi wa Olkaria, nalo ndilo lenye funzo kubwa kwa wanaotegemea wafadhili.

Si kwamba mvuke haukuwapo. Visima vya kituo cha pili, Olkaria II, vilikuwa vimetobolewa kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisitisha misaada mipya kwa serikali ya Rais Daniel arap Moi, wakidai mageuzi ya kisiasa na kiuchumi. Wapo watakaosema, na si bila sababu, kwamba shinikizo hilo lilisaidia kuleta vyama vingi. Hata hivyo, kawi nayo ililipa gharama yake. Visima vilikaa vimefungwa vifuniko, navyo vilikuwa tayari kutumika.

Masharti yalipotimizwa, sheria ya umeme ya mwaka 1997 ilitenganisha uzalishaji na usambazaji na kufungua mlango kwa kampuni za kibinafsi. Ormat, yenye asili ya Israeli, ilipata zabuni na kuanza kuzalisha umeme Olkaria III mwaka 2000, ikianza na megawati nane na kuongeza hatua kwa hatua hadi kufika 150 mwaka 2018.

Ukame wa 1999 na 2000 ulikuwa umekwisha kufundisha kwa ukali. Mabwawa ya Mto Tana yalikauka, umeme ukagawiwa kwa zamu, viwanda vikafunga milango saa za mchana, na serikali ikakodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa. Wakati huo wote mvuke wa Olkaria II ulikuwa chini ya vifuniko. Kituo hicho kilikuja kukamilika mwaka 2003 kwa fedha za Benki ya Dunia, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Kilipoongezewa mtambo wa tatu mwaka 2010, mtambo huo uliandikishwa chini ya Itifaki ya Kyoto ili upunguzaji wake wa gesi chafu uuzwe kama hati za kaboni.

Japan, China na mbio za baadaye

Kuanzia mwaka 2008 mambo yalikwenda kasi. Serikali ya Rais Mwai Kibaki iliunda GDC ili ibebe ile hatari ya kutoboa ambayo UNDP iliibeba zamani, kisha iwauzie wawekezaji mvuke uliokwisha kuthibitishwa. Kampuni ya Great Wall Drilling ya China ilitoboa visima vingi vya Olkaria kwa mkopo wa benki ya serikali ya China. Hyundai ya Korea Kusini na Toyota Tsusho ya Japan zilijenga Olkaria IV, yenye megawati 140, iliyozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta Oktoba 2014, pamoja na upanuzi wa Olkaria I wenye ukubwa uo huo. Olkaria V ilifuata mwaka 2019 kwa mkopo wa shirika la Japan la JICA, na mtambo wa sita wa Olkaria I ukawashwa mwaka 2022.

Msomaji makini atakuwa ameona mabadiliko ya tabia. Awali mgeni alileta ruzuku na mwalimu. Baadaye alileta mkopo, na pamoja na mkopo mara nyingi akaleta mkandarasi na mtambo wa kwao. Hilo si kosa la jinai, na mitambo ya Kijapani imesifika kwa uimara. Ila mkopo ni wa kulipwa kwa fedha za kigeni ilhali umeme huuzwa kwa shilingi. Ndiyo maana bili ya mkazi wa Naka au Kaptembwo ina mstari wa marekebisho ya thamani ya fedha za kigeni. Shilingi ilipoporomoka hadi karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 2024, mstari huo ulimfikia hata yule anayewasha balbu moja, ingawa mvuke wenyewe hauagizwi kutoka nchi yoyote.

Menengai: miaka kumi na miwili

Kwa wakazi wa jiji la Nakuru, Menengai ni mlima wa matembezi ya Jumapili, na kwa wengine ni mahali pa maombi. Februari 2011 GDC iliweka mtambo wake wa kuchimba ndani ya shimo hilo kubwa la volkano. Kulikuwa na vioja. Katika baadhi ya visima, wachimbaji walipofika takriban kilomita mbili, walileta juu vipande vya kioo cha volkano, ishara kwamba ncha ya chuma ilikuwa imegusa mawe yaliyoyeyuka. Ni mahali pachache sana duniani ambapo jambo hilo limetokea.

Mwishoni mwa mwaka huo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha ufadhili, ikiungwa mkono na Hazina za Uwekezaji wa Hali ya Hewa. Mpango wa awali ulitaja megawati 400. Kilichokuja kutiwa saini ni 105, zikigawanywa kwa kampuni tatu za kibinafsi, kila moja megawati 35.

Mvuke ulipatikana, laini ya umeme ya kutoka Menengai hadi Soilo ikajengwa, lakini mitambo haikuja. Sababu haikuwa chini ya ardhi. Wakopeshaji wa kampuni hizo walitaka kuhakikishiwa: itakuwaje GDC ikishindwa kuleta mvuke wa kutosha? Itakuwaje Kenya Power ikishindwa kulipa? Nani atafidia serikali ikibadilisha sera? Miaka ilipita katika mashauriano ya barua na dhamana, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikalazimika kuja mara ya pili, safari hii na dhamana ya kuwatuliza wawekezaji. Kituo cha kwanza, cha Sosian, kilichojengwa na kampuni ya Kaishan ya China, kilianza kuzalisha umeme mwaka 2023, miaka kumi na miwili baada ya kisima cha kwanza. Mwaka huo huo Globeleq ya Uingereza, iliyochukua nafasi ya mmoja wa wawekezaji wa awali, ilianza ujenzi wa kituo chake.

Kwa hiyo GDC ilitatua tatizo la mwaka 1959, nalo jipya likazaliwa. Hatari ya kisima kikavu sasa inabebwa na serikali, yaani mlipa kodi, na bado mwekezaji anadai abebewe na hatari zilizosalia. Tume ya Umoja wa Afrika, pamoja na Ujerumani na Umoja wa Ulaya, ilianzisha mwaka 2012 mfuko wa kugawana gharama za utafiti na uchimbaji katika nchi za Afrika Mashariki. Ni hatua njema. Hata hivyo, Uganda na Tanzania, zilizo na chemchemi za moto kama zetu, bado hazijazalisha umeme wa mvuke.

Waliohamishwa

Mbuga ya Hell's Gate ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984, mitambo ikiwa imekwisha kuwapo, na Wamaasai walikuwa wakichunga huko kabla ya mbuga na mitambo pia. Ujenzi wa Olkaria IV ulihitaji kuhamishwa kwa vijiji vinne, kikiwamo kijiji cha utamaduni kilichopokea watalii. Mwaka 2014 familia hizo zilihamia makao mapya, maarufu kama RAPland, zikajengewa nyumba za kudumu, shule na zahanati.

Mwaka uo huo baadhi yao waliandikia Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na ofisi ya malalamiko ya Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Walilalamikia makorongo na miteremko ya ardhi mpya, umbali kutoka vibarua na watalii, kucheleweshwa kwa hatimiliki, na watu walioachwa nje ya orodha. Jopo lilibaini kasoro, miongoni mwao namna mashauriano yalivyoendeshwa bila kuzingatia ipasavyo lugha ya Kimaa na nafasi ya wazee. Upatanisho uliohusisha jamii, KenGen na wakopeshaji ulifanyika, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2016.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Malalamiko hayo yalisikizwa kwa sababu fedha zilitoka nje, kwa benki zenye kanuni na ofisi za kulalamikia. Mchungaji wa Olkaria alipata sikio Washington na Luxembourg kabla ya kupata hatimiliki Naivasha. Na pale ambapo mkopeshaji hana ofisi ya namna hiyo, mchungaji wa aina hiyo hana pa kwenda ila mahakamani.

Suala la mgao limeandikwa katika Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Inataka mzalishaji alipe mrabaha wa kati ya asilimia moja na mbili unusu ya thamani ya kawi inayotolewa kisimani katika miaka kumi ya kwanza, kisha kati ya mbili na tano. Katika mapato hayo asilimia 75 ni ya serikali ya kitaifa, 20 ya kaunti, na tano ya jamii ya mahali penyewe.

Kando ya umeme yapo manufaa madogo yasiyohitaji mkopo wa Tokyo. Juu ya Eburru, ambako mito hakuna, wenyeji kwa miongo mingi wamekuwa wakinasa mvuke wa matundu ya ardhi kwa mabomba, ukapoa, ukawa maji ya kunywa. Mwaka 2003 shamba la maua la Oserian, kando ya Ziwa Naivasha, lilianza kupasha joto nyumba zake za mawaridi kwa kisima ambacho KenGen ilikiona kidogo mno kwa umeme. Menengai nako GDC imeonyesha namna ya kuchemsha maziwa, kufuga samaki na kufua nguo kwa joto la ardhini, japo bado ni maonyesho zaidi ya biashara.

Pale Suswa

Ushirikiano wa sasa unaonekana vyema Suswa, kusini mwa Olkaria, ndani ya Kaunti ya Narok. Katika kituo kimoja cha nyaya hukutana umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, uliounganishwa mwaka 2018, na laini kutoka Ethiopia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Tangu Novemba 2022 Kenya imekuwa ikinunua kupitia laini hiyo megawati 200 za umeme wa maji wa Ethiopia, kwa mkataba wa miaka 25. Laini ya kuelekea Tanzania, kutoka Isinya hadi Singida, nayo iliwashwa Desemba 2024. Yote ni sehemu ya muungano wa umeme wa Afrika Mashariki ulioundwa mwaka 2005.

Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana tena Nairobi, katika jumba lile lile la KICC, na kutaka uwezo wa kawi safi barani upande kutoka gigawati 56 mwaka 2022 hadi angalau 300 kufikia mwaka 2030. Waliomba pia mikopo nafuu na mfumo wa fedha wa dunia usioitoza Afrika riba kubwa kuliko wengine.

Olkaria yenyewe imekuwa na tatizo la aina nyingine. Usiku wa manane, viwanda vikiwa vimelala na upepo wa Turkana ukivuma kwa nguvu, nchi haihitaji umeme wote. Umeme wa upepo sharti ununuliwe kwa mujibu wa mkataba. Basi mitambo ya mvuke ndiyo hupunguzwa kasi, na mvuke uliopandishwa kutoka kilomita mbili chini ya ardhi, kwa mkopo ambao bado unalipwa, huachiliwa ukaenda angani. Hivyo ni baadhi ya vishada vile vyeupe ambavyo msafiri wa alfajiri huviona akiteremka kuelekea Naivasha.